Maswali kwa Mzee wa Hadubini: Homa inayoondoka ikarudi

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi. Nyingi zimeandikwa kwa simu usiku wa manane, najua kwa herufi zilivyorukwa. Moja imeletwa kwa mkono hapa nyumbani Cheyo na kijana wa bodaboda, imefungwa kwenye mfuko pamoja na chupa ya asali. Mwenye asali jibu lako liko mwisho; sikukutanguliza, watu wasije wakasema.

Kwa msomaji mgeni: nimekaa maabara miaka 34, sehemu kubwa hapahapa mkoani Tabora, kabla ya kustaafu. Si daktari na sitoi dawa kwa barua. Ninachoweza ni kueleza nilichokiona kwenye kioo cha hadubini.

*

Shikamoo mzee. Nasoma kidato cha pili, Nzega. Tumefundishwa bakteria, virusi, fangasi na protozoa, nimekariri vyote. Ila nikipata mafua mama ananinunulia rangi mbili, ile antibiotiki ya vidonge, dukani. Nikimwambia mwalimu amesema virusi havifi kwa dawa hiyo, ananiambia nisimletee ujuaji. Nani mkweli?

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na mama yako usimbishie mbele ya wageni.

Shika ukubwa kwanza, mengine yatafuata. Bakteria wa kawaida ana urefu wa kama mikromita mbili. Wapange elfu moja kichwa kwa mkia, mstari wao utakuwa milimita mbili tu, yaani kama upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Kirusi cha mafua makali ni kidogo zaidi ya hapo, elfu kumi ndio wafike milimita moja. Kwa hadubini zetu za mwanga bakteria nimewaona maelfu kwa maelfu. Kirusi sijawahi kukiona hata siku moja, na nimestaafu bila kukiona.

Tofauti ya pili ni makazi. Bakteria ni kiumbe kamili mwenye nyumba yake, ana ukuta, anakula, anajigawa mwenyewe. Dawa za jamii ya penisilini zinabomoa ule ukuta, naye anapasuka. Kirusi hakina ukuta wala jiko. Kinaingia ndani ya seli yako na kutumia vyombo vyako kujichapisha nakala. Rangi mbili itabomoa ukuta gani? Fangasi na protozoa (kama vimelea vya malaria) wao wameumbika kwa namna inayokaribiana zaidi na seli zetu sisi, ndiyo maana dawa zao ni nyingine kabisa, na baadhi ni kali kwa mgonjwa.

Mama anaona rangi mbili inaponya kwa sababu mafua huisha yenyewe ndani ya wiki. Angekupa juisi ya ukwaju ungepona siku ileile. Bakteria waliokuwa wamekaa tumboni na kooni kwako bila ugomvi ndio wanaokula ile dawa: dhaifu wanakufa, wanabaki sugu, na siku utakapoihitaji kweli utakuta imekuwa kama unga wa muhogo.

*

Mzee wangu, mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa nje ya mji upande wa Uyui. Mwanangu wa miaka saba alipata homa kali sana, tukapima malaria, hakuna. Siku ya tatu ikaisha yenyewe akacheza. Baada ya wiki ikarudi. Tukapima, hakuna. Ikaisha. Sasa ni mara ya tatu. Jirani anasema mtoto amechezewa, mume wangu anasema ni malaria iliyojificha. Chandarua tunacho. Nyumba ni ya tope, aliiacha marehemu baba mkwe, na watoto wanalala chini kwenye mkeka.

Mama, la haraka kwanza. Mpeleke leo, homa ikiwa juu, kituo chenye hadubini na mtu wa kuitazamia. Mwambie hivi: "Naomba mtazame damu kwenye kioo, mtafute na homa ya papasi." Usisubiri ishuke. Ikishuka, wadudu wanakuwa wachache mno kwenye damu na mpimaji hatawaona hata awe na macho ya tai.

Sasa kwa nini nimeshuku hivyo kwa barua tu. Umenitajia mambo matatu: homa ya kwenda na kurudi, nyumba ya tope, mkeka chini. Papasi ni kupe laini, si yule wa ng'ombe anayeng'ang'ania siku nyingi. Mchana anajificha kwenye nyufa za sakafu na ukuta, au kwenye vumbi chini ya mkeka. Usiku anatoka, ananyonya kama nusu saa, anarudi mafichoni. Mtoto hata hashtuki, asubuhi hakuna cha kuonesha. Chandarua chako kinazuia anayeruka. Huyu anatembea, tena mara nyingi yuko ndani ya chandarua kabla hamjalala.

Anachoacha kwenye damu ni bakteria mwembamba aliyejiviringa kama springi ya kalamu, jamii ya borelia. Na hapa nina deni la kukiri.

Mwaka 1989, nikiwa bado kijana kazini, aliletwa mwanamke kwenye kituo nilichokuwa, amebebwa kwenye baiskeli, anawaka moto. Foleni ilikuwa ndefu. Nikatengeneza kioo, nikapaka rangi ya Giemsa, nikatazama sehemu mia moja kama nilivyofundishwa, nikaandika "hakuna wadudu wa malaria". Kweli hawakuwepo. Siku ya tisa akarudi, na safari hii alikuwa amepoteza mimba ya miezi mitano. Bosi wangu, mzee mmoja mkimya, akachukua kioo cha zamani kutoka kwenye sanduku, akaweka tone la mafuta, akashusha lenzi ya mia, akaniita. Kati ya chembe nyekundu, zile duara zenye rangi ya waridi hafifu, kulikuwa na nyuzi za zambarau zilizojikunja mawimbi, hapa moja, pale mbili zimepishana. Nilikuwa nimezipita zote nikidhani ni uchafu wa rangi. Akaniambia, "Ulitafuta ulichotumwa." Hakusema lingine, na mimi sijasahau mpaka leo.

Ndiyo maana sina raha sana na kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mistari miwili. Ni kizuri, kimeokoa watu wengi vijijini pasipo na umeme. Lakini kinajibu swali moja tu. Ukikiuliza malaria, kinasema ipo au haipo. Nyuzi za zambarau hakizijui. Siku hizi vituo vingi vinaishia hapo, kwa hiyo mtoto kama wako anaweza kupimwa mara tatu, kila mara jibu likawa sahihi, na kila mara akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Na kwa nini inaondoka ikarudi? Mwili unatengeneza askari wanaomtambua mdudu kwa vazi lake. Wanawaua karibu wote, homa inashuka, mtoto anaomba uji. Wachache waliobadili kanzu wanasalimika, wanazaana kimyakimya wiki nzima, na siku wakijaa, homa inapanda upya. Askari wanaanza kujifunza kanzu mpya. Si mchawi, mama, na wala si malaria iliyojificha. Mume wako alikaribia ukweli kwenye neno "kujificha" tu.

Ugonjwa huu una historia ya njia za kwetu. Misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipitia Tabora, na wapagazi walilala kwenye mabanda yaleyale, kundi hili likitoka jingine likiingia, papasi wakisubiri ardhini. Mwaka 1905 Robert Koch, Mjerumani yuleyule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuja Afrika Mashariki akawachimbua papasi kwenye mabanda kama hayo. Akakuta wadudu mpaka ndani ya mayai yao, yaani papasi mama anaurithisha ugonjwa kwa watoto bila hao watoto kumwuma mgonjwa yeyote. Wakati huohuo upande wa Kongo, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walikuwa wakifuata jambo hilohilo. Dutton alifia hukohuko mwaka 1905, kijana wa miaka 30 hivi, akiwa ameupata ugonjwa aliokuwa akiuchunguza. Mdudu wa kwetu ana jina lake, *Borrelia duttonii*.

Dawa ipo na haina bei kubwa, ila iwe kwa mkono wa kituo. Dozi ya kwanza inapoua wadudu wengi kwa mpigo, homa inaweza kuruka juu ghafla na mgonjwa akatetemeka vibaya kabla ya kupata nafuu. Nimeona ndugu wakimnyakua mgonjwa kitandani wakidhani amepewa sumu. Akae pale atazamwe. Na kama nyumbani kuna mjamzito au kichanga, usiwasahau, kwao homa hii ni hatari kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Nyumba sasa. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuhama miezi sita ukarudi hakusaidii. Inueni watoto kitandani, hata kiwe cha kamba, miguu yake isiguse ukuta. Zibeni nyufa, pigeni lipu mpaka chini kabisa; sakafu ya saruji ikiwezekana ndiyo kiboko yake. Kuku wasilale ndani, maana papasi hachagui damu. Na mwone afisa afya wa kata kuhusu dawa ya kupulizia. Najua saruji si maneno, anza na chumba cha watoto.

*

Kijana wangu amepata mapunye baada ya kunyolewa saluni. Nimempaka krimu wiki tatu hayatoki. Baba, Ipuli.

Mapunye ni fangasi, na amejichimbia ndani ya unywele wenyewe hadi kwenye mzizi. Krimu inaishia juu ya ngozi. Anahitaji vidonge, na ni vya wiki kadhaa, daktari ampangie kwa uzito wake. Kinyozi akubali kusafisha meno ya mashine kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa, siyo kupuliza nywele kwa mdomo na kusema "tayari". Akikataa, badili kinyozi. Kofia na vitana msiazimane.

*

Mzee, mimi dereva wa bajaji, bachela, nimepanga Isevya. Napika wali jioni, kiporo nakula asubuhi nikikipasha moto hadi kinatoa moshi. Juzi nilikula saa moja, saa tatu nikaanza kutapika mpaka abiria akashuka. Si moto unaua vidudu?

Pole, na pole kwa abiria.

Moto unaua vidudu wengi, ila swali lako lina mlango wa nyuma. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, mkazi wa udongo. Akiona mazingira magumu anajifungia kama mbegu kwenye ganda gumu, na ganda hilo linapita kwenye chungu kinachochemka likitoka zima. Umeipua sufuria, wali unapoa taratibu usiku kucha juu ya stuli, joto la chumba la Oktoba unalijua mwenyewe. Mbegu inachipua.

Bakteria aliyestarehe anajigawa kila baada ya dakika ishirini hivi. Piga hesabu: mmoja, wawili, wanne, wanane. Kwa saa kumi, ikiwa hakuna cha kumzuia, ni zaidi ya bilioni moja. Wanapokua wanaacha sumu ndani ya wali, na sumu hii hata uichemshe haivunjiki. Asubuhi moto wako uliwaua wenyewe na kuiacha mizigo yao. Kutapika saa mbili baada ya kula ni dalili ya sumu iliyokwisha kutengenezwa. Kidudu kinachohitaji kwanza kuzaana tumboni kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi.

Sikukatazi kiporo, nami nimekulia kiporo cha ugali na mlenda. Pika wali wa kukutosha. Ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe upesi, uuweke kwenye friji ya jirani ndani ya saa moja au mbili. Kama jirani hana friji, mpe jirani wali ale jioni ileile.

*

Nafanya kazi kwa mama ntilie karibu na stendi. Kila mwezi nikijisikia vibaya nikipima naambiwa taifodi. Nimeshachoma sindano mara nne mwaka huu. Hivi taifodi haiponi?

Inapona, binti yangu. Huenda ilipona zamani, au hukuwahi kuwa nayo.

Kipimo wanachokupima naamini ni Widal. Hicho hakimtafuti bakteria, kinatafuta askari ambao mwili ulitengeneza dhidi yake. Askari hawaondoki vita ikiisha. Wanaweza kubaki miezi mingi, na wengine wanatokea kwa sababu ya bakteria ndugu zake. Kukupima leo kwa Widal na kukuambia una taifodi ni sawa na kukuta askari mtaani ukasema lazima kuna wizi unaendelea. Nimeyaandika majibu hayo kwa mkono wangu miaka mingi, nikijua, kwa sababu ndicho kipimo kilichokuwepo kabatini. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu kabla hujameza dawa yoyote. Kinachukua siku kadhaa, na si kila hospitali inacho. Kakiulizie, usichome sindano ya tano kabla ya hapo.

Lakini kwa kuwa unapika, kuna upande wa pili. Wapo watu wachache ambao wakipona taifodi bakteria wanabaki kwenye mfuko wa nyongo, wao wazima kabisa, huku wakiwatoa chooni miezi na miaka. Njia yake ni choo, mkono, chakula. Sabuni na maji yanayotiririka ukitoka chooni, kucha fupi. Beseni moja la kunawia wateja arobaini mwambie mama ntilie aliondoe, aweke ndoo ya koki.

*

Ndugu yangu, pokea asali kidogo. Sisi tunaingia pori la Ugalla kurina, tunakaa kambini wiki tatu, nne. Mbung'o wanatuuma mpaka tumezoea. Mwenzetu mmoja mwaka juzi alipatikana na malale. Je, kila mbung'o ana malale? Na hii asali, ni kweli inaua vidudu? Mrina asali, Sikonge.

Asante sana ndugu yangu, ni ya miombo kweli, nimeijua kwa rangi.

Si kila mbung'o. Hata kwenye pori lenye ugonjwa, wanaobeba vimelea vya malale ya binadamu ni wachache sana. Mbung'o akinyonya mnyama mwenye vimelea, pongo kwa mfano, au ng'ombe, vimelea vinahitaji kama wiki tatu kusafiri mwilini mwake hadi kwenye mate. Wengi havifiki. Ila wewe unaumwa mara ngapi kwa siku, kwa wiki nne, kwa miaka mingapi? Hapo ndipo uchache unapoisha. Na kwa mbung'o, tofauti na mbu, dume na jike wote wananyonya damu.

Malale ya huku kwetu ni ya haraka, ikiachwa inaua ndani ya miezi, si kama ile ya Afrika Magharibi inayoburuza miaka. Watu wanangoja usingizi kwa sababu ya jina. Usingizi unakuja mwisho, kimelea kikishafika kwenye ubongo: mgonjwa anasinzia mchana kwenye sahani, usiku anakesha. Kabla ya hapo ni homa za vipindi, kichwa, viungo, na mara nyingi uvimbe mgumu unaouma pale alipoumwa. Kimelea hiki nacho ni bingwa wa kubadili kanzu, kuliko hata yule wa papasi. Atakayeona uvimbe huo au homa baada ya kutoka pori aseme neno "pori" mbele ya mganga wa kituo kabla hajaulizwa. Asiposema atapewa kipimo cha haraka cha malaria na safari itaishia hapo.

Tukitafuta malale hatuanzi na rangi. Tunaweka tone la damu mbichi chini ya kioo chembamba na kutazama chembe nyekundu zimetulia kama dagaa walioanikwa. Ghafla pembeni chembe mbili tatu zinasukumwa, zinatulia, zinasukumwa nyingine. Hujamwona bado, unaona njia anayopita. Halafu anajitokeza, mwembamba, anapiga mkia kama kambare kwenye matope. Mara ya kwanza kumwona nilinyanyua kichwa nikatazama mlango, kana kwamba ameingia chumbani.

Nguo ziwe nene, za rangi ya udongo au majani makavu. Mbung'o anapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Yule kijana wenu mwenye jezi ya bluu anajitolea kwa niaba ya kambi nzima. Pikipiki inayokwenda inawaita pia, watawafuata, kwa hiyo mikono mirefu hata barabarani.

Kuhusu asali, ni kweli, bakteria wengi hawawezi kuzaana ndani yake. Sukari ni nyingi mno, inawakamua maji, na ina uchachu wake. Kwenye vidonda imetumika tangu enzi. Lakini kutozaana si kufa. Yule mwenye ganda niliyemwambia dereva wa bajaji ana binamu aitwaye *Clostridium botulinum*, na mbegu zake zinaweza kulala ndani ya asali bila tabu. Mtu mzima anazipitisha tu. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, utumbo wake bado mchanga, mbegu zinaweza kuchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Mjukuu wangu hapa ana miezi minane na ameshajua kunyoosha mkono, kwa hiyo chupa yako nimeiweka kabati la juu, nyuma ya boksi la vioo vyangu vya zamani.